Mnaojiita wapenzi wa Kiswahili: diwani yangu ya mashairi ni buku kumi, si sadaka

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Nina hasira na sitaki kuzipoza kwanza, maana zikipoa nitaandika kistaarabu na hakuna atakayenisikia.

Juzi saa tatu usiku, kwenye grupu moja la WhatsApp la wapenzi wa Kiswahili (nimo tangu 2021, nimewatungia tungo za misiba na za harusi bila kudai hata vocha), mtu katupia PDF. Nafungua. Diwani yangu! Kaipiga picha kwa simu ukurasa kwa ukurasa, ukurasa wa 31 kidole gumba chake kinaonekana. Chini wameshukuru watu kumi na tisa. "Asante mwalimu kwa madini." Mmoja kanitaja kabisa: "Malenga wetu hongera, kitabu kimefika mbali."

Kimefika mbali wapi? Nakala 156 ziko chini ya kitanda changu Tabata, nazifukiza dawa ya mende kila mwezi.

Sasa nisikilizeni kimetoka wapi.

Nilichapa nakala 300 pale Kariakoo, shilingi 4,500 kila moja. Piga hesabu mwenyewe: 1,350,000, ambayo ilikuwa hela ya kumalizia choo kwa mama. Wajuaji wataniuliza kwa nini sikuchapa ofseti nipate bei nafuu. Ofseti inachapa kwa pleti, na gharama ya pleti ni ile ile uchape 100 au 2,000, kwa hiyo mtu wa nakala 300 haimlipi. Unaangukia dijitali, na huko bei ya nakala haishuki sana. Namba ya ISBN nilifuata mwenyewe Maktaba Kuu, Bibi Titi. Hapo sina neno.

Neno ninalo kwa dizaina aliyepanga kurasa. Mimi natunga tarbia, mishororo minne, kila mmoja mizani (silabi) kumi na sita, nane kwa nane, kina cha kati na cha mwisho. Nikampa faili limepangwa vizuri. Kumbe yeye akaona herufi ni ndogo, "wazee hawatasoma", akazikuza. Karatasi ni A5. Kila mshororo ukakatika, mkia ukadondokea mstari wa chini. Ubeti wa mistari minne ukawa wa mistari minane iliyopinda kama nyoka aliyegongwa na bajaji. Vina vya mwisho vinaning'inia peke yao, msomaji hajui avute pumzi wapi.

Hiyo bado. Kijana akaamua pia kunisahihisha Kiswahili! Nina mshororo huu:

Maji mejaa Jangwani, mabasi yamesimama

Nane na nane, hesabu kwa vidole. Yeye akaona "mejaa" ni kosa, akaandika "yamejaa". Mizani tisa. Hajawahi kusikia inkisari, yaani kufupisha neno ili mizani itimie, maishani mwake, ila kalamu kashika. Sehemu kumi na nne kanifanyia hivyo. Nilipomfuata akaniambia, "Kaka, si bado inasomeka?" Na gari inaweza kutembea bila breki, mdogo wangu.

Nikiri kosa langu: prufu, ile nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, nilioneshwa ya jalada tu, kwenye simu, na mimi kwa kiherehere nikasema piga kazi. Anayekwenda kuchapa, akatae. Adai kurasa zote za ndani, kwenye karatasi, azisome kwa sauti kabla hajalipa salio.

Kwenye duka la vitabu nako ni mali kauli. Unaacha nakala, wakiuza wanakulipa, wanabaki na asilimia 40. Kwenye buku kumi narudi na 6,000, nikitoa gharama ya kuchapa nabaki na 1,500, hapo sijahesabu nauli. Niliacha nakala 40 mwezi wa tatu. Kila nikienda, mhasibu katoka. Wiki iliyopita nimekuta zangu zimewekwa nyuma ya mabango ya kalenda, chache kuliko nilizoleta. "Zilizouzwa ni ngapi dada?" "Subiri tufunge hesabu kaka." Hesabu gani hiyo isiyofungika tangu Machi?

Kutangaza nisiwachoshe. Kuna kijana wa Instagram mwenye wafuasi wengi, nikamlipa 50,000, akaweka picha ya jalada kwa saa 24 na kuandika "riwaya kali sana hii". Riwaya!

Sasa turudi kwenu wapenzi wa lugha, maana nyinyi ndio mnaniuma kuliko dizaina. Yule angalau nilimlipa akaharibu. Nyinyi hamjalipa chochote.

Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, kuna watu waliniita nikaghani ukumbini. Mwenye vipaza sauti kalipwa. Wa mahema kalipwa. Mpishi kalipwa. MC kalipwa tangu siku tatu kabla, la sivyo haji. Mimi nikapewa fulana, soda na bahasha. Ndani ya bahasha: cheti cha shukrani. Nikaomba basi niweke meza niuze vitabu mlangoni, nikaambiwa "tusiifanye siku hii kuwa ya biashara, malenga". Biashara ya mahema ruksa, ya mashairi haramu.

Nimeshatoa nakala 41 za bure. "Nitakuandikia uchambuzi." Uchambuzi nimepata mmoja, wa shemeji yangu, na ulisema jalada linapendeza.

Halafu mkija hapa mnapenda kukumbushana kwamba Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa malenga na ndiye Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Mwaka huu mtu kama yeye angepigiwa simu aje kughani bure, kisha aombwe PDF.

Na msiniambie "peleka kwenye Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu". Najua ipo, najua ushairi umo, nitapeleka. Tuzo ni ya wachache kwa mwaka. Mimi nalia na nyinyi watu kumi na tisa, ambao mngenunua nakala kumi na tisa.

NYONGEZA, saa mbili asubuhi: Mkuu uliyeandika "ungeweka bure upate jina kwanza", jina ninalo, ndilo mlilolitaja kwenye grupu mkiwa mnagawana kitabu changu. Aliyetuma PDF kaniomba radhi inboksi, kasema hakujua kama kuna tatizo kwa sababu "ni mashairi tu". Nimemtumia namba ya M-Pesa. Mpaka sasa kasoma, kakaa kimya.

Jumamosi kuanzia saa nne nitakuwa Posta Mpya na begi jekundu, nakala za buku kumi, zote zimesahihishwa kwa kalamu ya wino, sehemu zote kumi na nne, nimefanya mwenyewe moja moja. Chenji njooni nayo.