Kipimo cha mishipa ya moyo: apitie mkononi au pajani?

Mwanaheri: Habari zenu. Mama anafanyiwa kipimo cha mishipa ya moyo wiki ijayo. Daktari anataka kupitisha mrija mwembamba hadi moyoni kupitia mkononi, lakini shoga yake mama anasema mshipa wake wa mkono ulibana katikati ya shughuli, maumivu yakapanda hadi begani. Mama ni mwembamba, ana kisukari. Tuombe pajani?

Nesi_wa_Katheta: Pole dada. Ateri ya mkononi ina upana wa milimita 2 hadi 3 tu, na ukuta wake ni msuli mnene unaosikia adrenalini upesi. Mtu akiogopa au akiumia, mshipa unajikaza na kuubana mrija. Mrija wa namba 6 (ndiyo saizi yake) kwa nje unakaribia milimita 2.5, sasa piga hesabu. Wanawake wembamba ndio hasa hupatwa, ila kwa kipimo tu namba 5 mara nyingi inatosha. Mrija ukishaingia tunapitisha verapamili au nitrogliserini, dawa za kulegeza mshipa, humo humo. Verapamili huunguza mkono sekunde chache, mwambieni mama asishtuke.

Babu_Jeuri: Mimi nimepita kote. Mkononi ulinibana kweli. Daktari akaacha kuvuta, akaongeza dawa, nikapewa na ya kutuliza. Tukasubiri, ukaachia. Pajani sikuumia, ila nililala chali masaa bila kukunja mguu, nikiletewa chombo cha haja mbele za watu. Mkono, tena na tena!

Zuhura77: Babu, mie mapigo ya kifundo cha mkono yalipotea kabisa baada ya pale.

Nesi_wa_Katheta: Hutokea, mshipa ukiziba. Kiganja kina ateri mbili, kwa hiyo kwa kawaida vidole haviathiriki, ila njia hiyo huenda isitumike tena. Pajani nako damu inaweza kuvujia ndani ya tumbo bila kuonekana nje, na hilo ndilo linalotutisha zaidi. Mwanaheri, figo za mama zikoje?

Mwanaheri: Kreatinini, kile kipimo cha damu cha figo, imepanda kidogo. Inahusiana?

Nesi_wa_Katheta: Sana. Akija kuhitaji kusafishwa damu, ateri hiyo hiyo ndiyo huunganishwa na vena kutengeneza njia ya mashine. Kubana tuna dawa yake. Mshipa ulioziba ni kazi nyingine. Hapo pajani panaweza kuwa bora.

Mwanaheri: Sisi tulikuwa tunabishana kuhusu maumivu tu. Kesho asubuhi nampigia daktari.