Kampuni inataka ubia wa miaka 3 na asasi yetu ya maji vijijini: vipengele gani visikosekane kwenye mkataba?

PwaniKusini (mleta mada)
Wakuu, salaam. Asasi yetu imesajiliwa kwa Msajili wa NGOs, inahudumia visima vya pampu za mkono kwenye vijiji 14 mkoani Lindi. Pampu ziko 38, zote za aina ya Afridev, na 11 zimekufa. Kampuni iliyozoea kutoa madawati na kupiga picha na hundi ya ubao sasa inataka ubia wa miaka 3, shilingi milioni 60 kwa mwaka. Rasimu yao ina kurasa 4: visima vipya 6 kila mwaka, nembo yao kwenye kila kisima, na haki ya kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 14. Matengenezo hayatajwi, mishahara haitajwi. Tubadilishe nini kabla ya kusaini?

MhasibuAsasi
Anza na jina la karatasi yenyewe. Ikiandikwa "mkataba wa huduma", mhasibu wao atakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye kila malipo, na hatakuwa amekosea, maana karatasi inasema mnamuuzia huduma. Iandikwe "mkataba wa ruzuku", na ieleweke kuwa wanufaika ni wanavijiji, si kampuni. Nembo kama shukrani sawa. Ukijaza kurasa mbili za matangazo, unarudi kulekule kwenye huduma.

Watauliza kama mchango unapunguza kodi yao. Sheria ya Kodi ya Mapato inaruhusu makato ya michango kwa taasisi za hisani hadi asilimia 2 ya mapato ya biashara, ila ni kwa taasisi ambayo Kamishna wa TRA ameitambua hivyo. Cheti cha Msajili peke yake hakikupi hadhi hiyo. Asasi nyingi huligundua hili siku ambayo kampuni inafunga hesabu, na mwaka wa pili wa ubia unaanza kwa manung'uniko.

Kanuni za NGOs za 2018: fedha za mfadhili zikizidi milioni 20, mkataba unawasilishwa Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Siku 10 ni chache. Andaeni barua kabla ya sherehe ya kusaini, si baada.

Malipo: kataeni mtindo wa "tumieni kwanza, tutarudisha". Asasi ndogo haina akiba ya kukaa miezi mitatu ikisubiri. Ombeni asilimia 40 mwanzoni, 40 mkishatumia na kutolea hesabu asilimia 70 ya awamu ya kwanza, na 20 ya mwisho itoke kazi ikiwa bado inaendelea. Ikisubiri ripoti ya ukaguzi itawakuta mnadaiwa na mafundi. Akaunti iwe ya mradi peke yake, watia saini wawili au zaidi.

Gharama za uendeshaji (pango, mhasibu, ukaguzi wa hesabu, mafuta) zisishuke chini ya asilimia 12. Usizifiche kwenye bei ya saruji. Mkaguzi ataziona, na hapo mnaonekana wezi kwa fedha mliyokuwa na haki nayo.

FundiPampu
Tatizo kubwa ni hivyo visima 6. Milioni 60 kwa 6 ni milioni 10 kila kimoja, na humo kuna upimaji, uchimbaji, mabomba ya kushikilia ukuta wa kisima, pampu, sakafu ya zege na vipimo vya maabara. Kwa mashine haifiki. Mtajikuta mnachimba vifupi, halafu Oktoba vinakauka.

Mkataba useme nani anabeba kisima kikavu. Mchimbaji analipwa kwa mita, maji yapatikane yasipatikane. Pwani yenu kuna hatari ya pili, maji ya chumvi: kisima kina maji tele na hakuna anayeyanywa. Wekeni sharti kwamba pampu haifungwi kabla ya majibu ya maabara, na kipimo cha wingi wa maji kifanyike Septemba au Oktoba, maji yakiwa chini kabisa. Ukipima Machi unajidanganya. Kibali cha kuchimba kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, Mtwara, kiombeni mapema.

Ningeigeuza rasimu hivi: mwaka wa kwanza mfufue zile 11, miaka miwili inayofuata visima vipya viwili viwili. Lengo liandikwe "pampu zinazotoa maji", lihesabiwe kila robo mwaka. Lengo la "visima vilivyochimbwa" linatimia siku ya uzinduzi hata kama pampu itakufa wiki ijayo.

Afridev haiui mtu kwa gharama. Vinavyolika ni mpira wa pistoni, bobini za vali, pete za mpira na bushi za mkono. Vibadilishwe kila mwaka hata kama pampu bado inavuta. Wengi husubiri hadi maji yakatike, na mpaka hapo bushi zimekwisha na chuma kinasuguana na chuma. Visima vyenye maji ya ukali (yenye asidi, pH chini ya 6.5) vinahitaji fito, yaani vyuma virefu vinavyounganisha mkono na pistoni, za chuma kisichoshika kutu. Zile za mabati zinakatikia ndani. Na kwenye kina kinachozidi mita 45 msiweke Afridev kabisa.

Nunueni seti za vipuri 38 na akiba ya 10, zikae duka moja la wilayani. Zikifungiwa ofisini kwenu, siku mradi unapoisha na vipuri vimekwisha.

Jambo la mwisho: pampu si mali ya asasi wala ya kampuni. RUWASA (wakala wa maji vijijini) wawe kwenye mkataba, na kila pampu ikabidhiwe CBWSO (chombo cha wananchi cha kusimamia maji) ya eneo hilo kwa maandishi. Bila hivyo, ada ya maji inakusanywa na mtu asiye na risiti.

UpandeWaKampuni
Niseme ya upande wa pili. Kampuni hupenda visima vipya kwa sababu meneja anapimwa kwa kitu cha kupigia picha. Msimlaumu, mpeni kitu kingine cha kuonyesha: idadi ya siku ambazo pampu ilisimama kabla ya kutengenezwa. Ikishuka kutoka siku 60 hadi 7, hiyo ni habari.

Pia waulizeni wana nini zaidi ya fedha. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam na Vodafone Foundation, tangu 2009, walitumia M-Pesa kuwafikishia nauli wanawake wenye fistula wa vijijini. Matibabu yalikuwa bure tayari. Kilichowazuia wengi ni nauli. Kampuni yenu ikiwa na malori, yabebe mabomba.

Notisi ya siku 14 isipite. Ombeni miezi 6, na fedha za kazi iliyokwisha kuagizwa zilipwe. Mwaka wa 3 uwe wa kushuka: fedha za matengenezo zipungue robo hadi robo huku CBWSO ikichukua. Muda nao una siri yake: mwaka wa kampuni ni Januari hadi Desemba, wa halmashauri Julai hadi Juni. Mkitaka mradi uingie kwenye mpango wa halmashauri, maongezi yawe yamekamilika kufikia Novemba.

Kama kampuni ni ya madini, simameni kwanza. Sheria ya Madini inataka mpango wao wa kila mwaka wa kusaidia jamii ukubaliwe na halmashauri. Msipokuwemo humo, mkataba wenu hauna mguu.

Na picha: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi. Ridhaa ya maandishi, na kwa mtoto ni ya mzazi au mlezi.

PwaniKusini
Asanteni sana wakuu. Si ya madini, ni ya usafirishaji, kwa hiyo malori yapo. Swali moja: wakikataa kabisa mishahara?

MhasibuAsasi
Iandike kama kazi badala ya cheo. "Ziara 152 za ukaguzi wa pampu kwa mwaka" (38 mara nne), kila ziara na gharama yake: siku ya fundi, mafuta, fomu. Bodi iliyokataa "mshahara wa fundi" huipitisha hiyo bila neno. Wakikataa hata ziara, basi hawataki ubia, wanataka uzinduzi. Waombeni madawati.