Nahamisha samaki wa dhahabu na filta yao ya zamani kutoka Nakuru hadi Kisumu, nifanyeje?

MamaPili58 (Jumapili, saa 2:10 usiku)
Wadau, habari za jioni. Nimehamishwa kikazi kutoka Nakuru, sasa niko Kisumu upande wa Mamboleo. Nina samaki wa dhahabu saba waliokuwa kwenye tangi la lita 60, na filta ya sponji iliyofanya kazi miaka mitatu bila shida. Hapa nimenunua tangi jipya la lita 150. Swali langu ni moja tu: nikifunga filta ile ya zamani kwenye tangi jipya, samaki wanaweza kuingia siku hiyo hiyo? Maji ni ya mfereji, yamekaa kwenye ndoo tangu jana. Tafadhali nijibuni usiku huu.

FundiTangi
Karibu Kisumu, dada. Kwa kawaida ndiyo, siku hiyo hiyo. Watu wengi hubeba maji ya zamani wakidhani bakteria wanaosafisha maji wako humo, kumbe wako kwenye sponji yenye utelezi na kwenye kokoto. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao, nyingi kupitia matamvua. Bakteria wa kwanza huigeuza kuwa naitraiti, wa pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haina makali hayo. Tangi jipya kabisa huchukua wiki 4 hadi 6 kuwapata bakteria hao wa kutosha. Ila wanahitaji unyevu na hewa muda wote. Kwa hivyo niambie: filta ilizimwa lini, na ilisafiri ndani ya nini?

MtotoWaDunga
Dada, hapa kwetu ukisema una samaki saba watu wanauliza ugali uko wapi 😄 Lakini umenikumbusha mzee wangu. Alikuwa mvuvi, na alikuwa akitusimulia fulu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, walivyokuwa wakijaa nyavuni, wa buluu, wekundu, wa manjano. Mbuta, yaani sangara, samaki mkubwa anayekula wenzake, aliletwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 fulu walikuwa wamepungua vibaya. Mimi ningekuwa na tangi ningefuga fulu, wa kwetu, si hao wa kuletwa.

MwalimuMstaafu
Binti yangu, samaki wa dhahabu ni wa maji ya baridi. Nakuru iko mita 1,800 na zaidi juu ya usawa wa bahari, Kisumu mita 1,100 na kidogo. Joto la huku unalihisi mwenyewe, na maji yakipata joto hewa ndani yake hupungua. Ungewaachia jirani huko huko. Kiumbe hasafirishwi kwa sababu mtu mzima hataki kuachana naye.

MamaPili58
Mwalimu, shikamoo. Si mimi nisiyetaka kuachana nao, ni mtoto. Alikuwa akiwapa chakula kila asubuhi kabla ya shule na kila mmoja ana jina. @FundiTangi filta ilikuwa salama, niliifunga vizuri sana.

FundiTangi
Hapo kwenye "kuifunga vizuri sana" ndipo naogopa. Saa ngapi bila hewa?

NyotaYaKakamega
Jibu hilo swali, dada. Mwaka jana stima ilipotea kwetu kutoka jioni hadi saa nne asubuhi. Filta yangu ni ile ya mkebe uliofungwa. Stima iliporudi ikajiwasha yenyewe, ikamwaga tangini maji meusi yaliyokuwa yamelala humo. Nilikuwa jikoni nakoroga uji. Niliporudi gapi, wale samaki wangu wadogo wa mapambo, walikuwa juu wote, midomo nje ya maji, na kufikia jioni walibaki wanne kati ya ishirini na kitu. Tangu siku hiyo stima ikipotea naitoa sponji naitia tangini pamoja na samaki.

MamaPili58
Sawa, wacha niseme. Niliizima Ijumaa asubuhi. Niliitia kwenye mkebe wa plastiki nikabana kifuniko isimwagikie viti. Lori likachelewa, tukalala Kericho. Jana tulipofika hakukuwa na stima. Nimeifungua leo saa sita mchana, ikanuka kama yai viza, ndiyo nikaisugua mferejini mpaka maji yakatoka meupe. Nikaifunga tangini na samaki nikawaweka humo. Ningefanya nini? Walikuwa kwenye ndoo siku mbili na kipampu cha betri kilikuwa kinakufa. Na filta inafanya kazi, naona mapovu. Wote sita wanaogelea vizuri.

FundiTangi
Pole. Mapovu ni ya pampu tu, hayakuambii kama bakteria wako hai. Siku mbili bila hewa wengi wao wamekufa wakaoza, na klorini ya mferejini imemaliza waliobaki. Kwa samaki, hiyo ni sponji mpya. Kokoto za zamani ziko wapi?

MamaPili58
Nilizimwaga Nakuru. Zilikuwa nzito.

JichoKali
Mimi siamini uzi huu. Mwanzo samaki ni saba, sasa ni "wote sita". Mwanzo anauliza kama waingie, kumbe wako ndani tangu mchana. Halafu lita 150 ni kilo 150 za maji peke yake, kabla ya kioo. Mtu aliyeingia nyumba jana akiwa na katoni amelikalisha juu ya nini? Hii ni hadithi ya kututafutia maoni.

NyotaYaKakamega
Hata mimi hiyo saba na sita imenishtua.

MamaPili58
Tangi liko sakafuni kwenye saruji, juu ya mkeka uliokunjwa mara mbili. Samaki walikuwa saba. Mmoja amekufa saa kumi jioni, mweupe mwenye doa jekundu kichwani. Mtoto humwita Kofia. Alilala ubavu pale kwenye kona, tamvua likifunguka polepole, jekundu kama limechubuka, halafu likaacha. Nimemfunga kwenye gazeti nikamzika kwenye debe la sukuma wiki. Mtoto nimemwambia Kofia alibaki kwa nyanya yake. Yeye hushika simu yangu, ndiyo maana sikutaka kuandika. Nitaufuta ujumbe huu asubuhi.

JichoKali
Nisamehe, dada. Kweli.

FundiTangi
Matamvua mekundu hivyo ni amonia. Usiku huu badilisha theluthi moja ya maji kwa hayo ya ndoo, ukishika kwa mkono uone joto linalingana. Kesho asubuhi tena, jioni tena, na ujaze ndoo nyingine mapema zikae wazi siku nzima klorini itoke. Chakula hakuna siku tatu, hawatakufa njaa. Pampu ya hewa usiizime hata kidogo.

MtotoWaDunga
Nichote maji ya ziwa nikuletee? Niko karibu.

FundiTangi
Hapana, kaka, utamletea na magonjwa. Dada, mimi niko Kondele. Nina tangi lenye sponji mbili za zaidi ya mwaka, nitakupa moja. Njoo na ndoo yenye kifuniko, usikibane. Nimekutumia ujumbe wa faragha.

MamaPili58
Nakuja sasa hivi na bodaboda. Niikamue kwanza kabla ya kuitia?

FundiTangi
Usiikamue. Itie na uchafu wake.