public, private au niache bila neno? Programu ya kikoba, naikabidhi Ijumaa

Kijana_Tandika
Wakuu, habari za jioni. Nina programu ya Java ya michango ya kikoba, natakiwa kuikabidhi Ijumaa. Nimekwama kwenye uamuzi: vigeu vyangu (majina yanayotunza thamani) niviweke public vyote, vifikiwe kutoka popote, niviweke private, vifikiwe ndani ya klasi yao tu, kisha niandike geta za kuvisoma na seta za kuvibadilisha, au nisiweke neno lolote mbele? Nikiweka public linabaki kosa moja tu. Nikiweka private kompaila, ile inayokagua na kutafsiri msimbo, inanigomea mistari kumi na moja. Lipi bora?

Fundi_Ubungo
Mkuu, maelezo hayatoshi. Klasi (mafungu ya msimbo) ngapi? Ziko pakeji (folda ya klasi) moja au zaidi? Java toleo gani? Unamkabidhi mwalimu au kikoba chenyewe? Usipoweka neno, kigeu kinaonekana na klasi za pakeji ileile tu. Mwenye pakeji moja haoni tofauti na public, ndiyo maana wengi wanadhani ni kitu kimoja.

Dada_Kigamboni
private, sina mjadala. Salio likiwa public, mstari wowote popote unaweza kuandika `mwanachama.salio = -5000` na hakuna wa kuuliza. Likiwa private, hela zinapita mlango mmoja, methodi (kipande cha msimbo chenye kazi yake) weka(), na hapo ndipo unapokagua kiasi. Tena usiandike seta ya salio, maana utakuwa umeufungua mlango uleule uliotoka kuufunga. Geta ya kusoma, weka() na toa(), basi.

Baba_Mbagala
Kijana, kabla ya private na public, angalia kama umeweka static. Yalinikuta.

Niliandikia kikoba cha mtaani kwetu programu kama hiyo. Kompaila ikawa inanilalamikia kwamba kigeu kisicho static hakiitwi kutoka main, methodi programu inakoanzia, nami nikawa naongeza static kila ilipolalamika mpaka ikanyamaza. Nikajaribu kwa mwanachama mmoja, hesabu sawasawa. Jumamosi nikaipeleka kikaoni. Mama wa kwanza akaweka 10,000, ikaandika 10,000. Wa pili akaweka 5,000, ikaandika 15,000. Nikadhani nimekosea kubonyeza. Tulipofika mwisho nikafungua orodha: wanachama 18, na mbele ya kila jina tarakimu ileile, jumla ya hela zote za siku ile. Mama aliyeweka elfu mbili anasoma laki na zaidi. Mhazini hakusema neno, akavuta kauntabuku lake, akaanza kuwaita mmoja mmoja upya.

Kigeu cha static ni kimoja kwa klasi nzima, si kimoja kwa kila objekti, yaani kwa kila mwanachama. Nililiweka salio la watu 18 kwenye chungu kimoja. Na lilikuwa private! private haikunisaidia chochote.

Koda_Sinza
Achaneni na mateso haya, tumia record, klasi fupi ya kutunza data tu. Ipo rasmi tangu Java 16, mwaka 2021. Vigeu vyake ni private na final vyenyewe, na njia za kuvisoma unaandikiwa.

Dada_Kigamboni
@Koda_Sinza, final maana yake halibadiliki, na salio linabadilika kila wiki. Record inafaa kwa mchango mmoja: nani, kiasi gani, tarehe gani. Kwa mwanachama haifai.

Koda_Sinza
Salio si lazima ulitunze. Tunza michango, jumlisha unapotaka kusoma.

Kijana_Tandika
Samahani wakuu, sikueleza vizuri. Klasi tatu, pakeji moja, Java 17, ni ya chuo. Static sijaweka ila kwenye main. Makosa kumi ni ya private. La kumi na moja linasema kompaila haiijui `jumla`, na mimi nimeiandika kabisa!

Fundi_Ubungo
Umeiandika wapi? Ndani ya mabano ya for, ule mzunguko wa kurudia?

Kijana_Tandika
Ndiyo, halafu naichapisha chini yake.

Fundi_Ubungo
Basi hilo halihusiani na private. Kigeu kilichotangazwa ndani ya mabano hayo kinaisha yakifungwa. Kipandishe juu ya for, na ukianzishe: `long jumla = 0;`. Kigeu cha klasi kikiwa cha namba hupewa 0 chenyewe, cha ndani ya methodi hakipewi kitu, na kompaila itakukatalia kukisoma. Wala usijaribu kukiwekea public au private, hakipokei.

Kijana_Tandika
Mimi nilitumia double, ile ya namba za desimali.

Baba_Mbagala
Double kwenye hela za watu! Iambie Java ijumlishe 0.1 na 0.2 uone inavyokujibu: 0.30000000000000004.

Koda_Sinza
Kwa shilingi nzima int, ile ya namba nzima, inatosha.

Baba_Mbagala
int inakomea 2,147,483,647. Kikoba leo, kesho ushirika. Weka long, inabeba namba nzima kubwa zaidi.

Kijana_Tandika
Nimepandisha jumla, limeondoka. Salio nimeliweka private na weka() inakataa sifuri. Yamebaki makosa manne, yote ya jina la mwanachama. Jina naliacha bila neno, au?

Dada_Kigamboni
private nalo.

Fundi_Ubungo
Kwa klasi tatu za pakeji moja, mimi ningeliacha na kuliwekea final.

Dada_Kigamboni
Na mtu akibadilisha jina baada ya ndoa?