Anayekula kwa machungu akatwe tumbo kwanza, au atibiwe moyo kwanza?

Tausi_wa_Pili:
Wadau, naombeni mawazo, na naomba tusitukanane. Mdogo wangu wa kike ana BMI (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) ya 43. Kisukari kimeshaingia, magoti yamechoka, ngazi moja tu anapumzika mara mbili. Ameomba upasuaji wa kupunguza tumbo. Kwenye fomu ya hospitali waliuliza kama huwa anakula akiwa na huzuni. Akajibu ndiyo, karibu kila usiku. Wamemrudisha: miezi sita kwa mtaalamu wa saikolojia, ndipo wamfikirie. Analia tangu juzi, anasema angejibu hapana angekuwa na tarehe sasa hivi. Je, ni haki mtu acheleweshwe matibabu kwa sababu amesema ukweli?

KisimaKirefu:
Ni haki kabisa. Kisu kinakata nyama, hakikati huzuni. Wakitoa hiyo nusu ya tumbo, kilichokuwa kinamwamsha usiku kitakuwa bado kipo palepale. Kazini kwetu kuna dada alikatwa, mwaka wa kwanza tulimshangilia, mwaka wa tatu uzito karibu wote umerudi. Na kinachoniudhi zaidi ni hiki: wanachukua njia ya mkato, halafu ukiwauliza wamepunguaje wanakwambia "natembea tu jioni".

Bahati7:
Njia ya mkato? Kaka, mimi nimekatwa 2019. Siku za kwanza nilikuwa nakunywa maji kwa kile kikombe kidogo cha dawa ya kikohozi, mililita 30, na kikombe hicho kilinichukua robo saa. Ukigugumia unashikwa na maumivu ya kifua unadhani unakufa. Wiki kadhaa ni vitu vya maji maji, kisha vya kusaga, na kijiko ni cha mtoto. Mwezi wa nne nywele zikawa zinabaki kwenye taulo. Vitamini, madini ya chuma na kalisi nitameza mpaka naingia kaburini. Pita wewe hiyo njia ya mkato wiki moja, kisha urudi hapa.
Na ndiyo, kazini nasema natembea. Natembea kweli. Tumbo langu si mkutano wa hadhara.

KisimaKirefu:
Kwa hiyo umekiri. Unasema nusu ya ukweli na watu wanaondoka nayo wakidhani ni ukweli mzima.

MamaWawili:
Mtu akinenepa anasimangwa, akikonda anachunguzwa. Sasa unataka abebe cheti cha daktari shingoni? Nani amewahi kuulizwa hadharani kwa nini presha yake imeshuka? Bahati, mdogo wangu, usimjibu tena huyu.

Kalamu_Nyeupe:
Mama, hapo sikubaliani. Kunyamaza ni haki yake. Lakini akiulizwa uso kwa uso na mtu mnene mwenzake anayetafuta msaada, "natembea tu" si kunyamaza, ni kumpoteza. Ningemwelewa kama angesema "hilo ni jambo langu binafsi".

MamaWawili:
Ukisema "ni jambo langu binafsi" umeshajibu. Kila mtu anajua maana yake. Wewe hujawahi kuwa na mwili unaojadiliwa kwenye chumba ulichomo.

NesiMstaafu:
Jamani, Tausi aliuliza swali na tumeliacha mlangoni. Nimefanya kazi wodi ya upasuaji miaka mingi, niseme ninayoyajua.
Kwanza si nusu. Upasuaji unaofanyika zaidi siku hizi huondoa karibu asilimia 80 ya tumbo, linabaki kama mrija mwembamba. Ule mwingine, wa kulikwepesha tumbo, unaacha kifuko kidogo juu na kukiunganisha na utumbo moja kwa moja. Si suala la nafasi peke yake. Ile sehemu ya juu ya tumbo inayotolewa ndiyo hutengeneza kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini. Mgonjwa anaamka hana njaa ile aliyoishi nayo miaka yote. Mtu anayejinyima kwa nguvu zake hupata kinyume, homoni hiyo hupanda na mwili kuanza kubana matumizi. Kwa hiyo neno "mkato" tuliache.
Pili, vigezo. Mwongozo wa 1991 wa Marekani ulisema BMI 40, au 35 mwenye ugonjwa juu yake. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji vikashusha: 35 hata bila ugonjwa mwingine. Mdogo wako Tausi amevuka mistari yote.
Tatu, kula kwa machungu peke yake si sababu ya kumnyima mtu upasuaji. Mtaalamu wa saikolojia yupo pale amwandae, na kuandaa kunaweza kwenda sambamba na vipimo vingine. Kumweka mlangoni miezi sita wakati sukari inakula mishipa ya macho na figo, hapo mimi siungi mkono. Wasweden walianza utafiti wao 1987, watu zaidi ya 4,000, karibu nusu yao wakakatwa. Waliokatwa walikufa wachache zaidi. Uzito wao ulishuka hadi mwaka wa kwanza au wa pili, kisha sehemu ikarudi. Sehemu, si wote.

Mwanahewa:
Nesi, nimesoma yote, lakini umeandika "mgonjwa". Nani kasema mnene ni mgonjwa? Mimi nina kilo 110, sina kisukari, sina presha, napanda mlima. Mnatuingiza kwenye faili zenu ili mtuuzie visu.

NesiMstaafu:
Nilimwita mgonjwa kwa sababu amelala kitandani amefanyiwa upasuaji. Ila kwa kuwa umeuliza: chama cha madaktari cha Marekani kilipiga kura 2013 kuutambua unene uliokithiri kuwa ugonjwa, na Shirika la Afya Duniani nalo linauita ugonjwa sugu. Wewe una afya, nafurahi kwa dhati. Mdogo wake Tausi hana.

Mwanahewa:
Kura! Ugonjwa unapigiwa kura kama mwenyekiti. Nimemaliza.

Jahazi_88:
Sindano za kupunguza uzito zipo siku hizi, semaglutide na nyinginezo, kukatana ni kwa nini?

NesiMstaafu:
Zinasaidia wengi. Ukiziacha, uzito mwingi hurudi. Na kwa BMI ya 43 upasuaji bado kwa kawaida hupunguza zaidi. Daktari wake achague naye.

KisimaKirefu:
Mnaniona mkorofi, basi nieleze. Dada yangu alimfuata mmoja wa hao "natembea tu". Mwenzake kapungua kilo thelathini ndani ya mwaka. Dada yangu naye akaanza, alfajiri na jioni, akila mara moja kwa siku. Akapungua kilo nne. Siku moja nimemkuta ameketi sakafuni bafuni, mizani iko mbele yake, anamwambia binti yake wa miaka tisa, "Mama yako ni mzembe." Mtoto anamfuta machozi kwa khanga. Baadaye sana ndiyo tukajua yule mwenzake alikatwa. Kwa hiyo msiniambie uongo huu haumuumizi mtu. Nimeona aliyeumia, na aliyekuwa anamfuta machozi ni mtoto.

Kalamu_Nyeupe:
Pole sana mkuu. Hili ungelisema mwanzo.

MamaWawili:
Pole. Hata hivyo aliyemuumiza dada yako ni yule, si Bahati.

Bahati7:
KisimaKirefu, pole kwa dada yako. Nimelala na maneno yako, nimeamka nayo.
Nitasema jambo ambalo hata mume wangu hakulijua mpaka mwaka jana. Ile fomu aliyojaza mdogo wake Tausi, na mimi niliijaza. Swali lilelile. Nilijibu hapana. Nilijua nikijibu ndiyo wataniweka foleni, na nilikuwa nimechoka kungoja. Nikakatwa bila mtu hata mmoja kuniuliza usiku wangu unakuwaje.
Mwaka wa kwanza kila kitu kilikwenda. Mwaka wa pili baba akafariki. Tumbo lilikataa sahani ya chakula, lakini halikuwa na habari na kitu kinachoyeyuka. Nikagundua chokoleti haihitaji nafasi. Unaweka kipande mdomoni, hutafuni, unangoja, kinateremka chenyewe, unaweka kingine. Nilikuwa nakaa ndani ya gari nje ya nyumba yangu, taa zimezimwa, saa mbili nzima, kipande kimoja kimoja, huku wa nyumbani wakidhani bado niko kazini. Njaa sikuwa nayo hata chembe, na hilo ndilo lililonitisha. Zilirudi kilo kumi na moja kabla sijamwambia mtu.
Nimepona kiasi kwa kukaa na mshauri, si kwa kisu cha pili. Lakini bila kisu cha kwanza nisingekuwa hai kumtafuta huyo mshauri, sukari ilikuwa imenifikisha pabaya. Siwezi kuchagua kimoja.

NesiMstaafu:
Asante, binti yangu. Hicho ndicho tunachokikosea mahospitalini: maswali yote tunauliza kabla, baada ya hapo tunampa mtu karatasi ya vitamini. Kuna utafiti wa Utah wa 2007: waliokatwa walikufa wachache zaidi kwa maradhi, lakini vifo vya ajali na kujiua vilikuwa vingi zaidi kwao. Pombe nayo, hasa kwa waliokwepeshwa tumbo, hupanda kichwani upesi, na wengine huhamia huko. Anayehitaji mtu wa kuzungumza naye anamhitaji zaidi mwezi wa kumi na nane kuliko mwezi wa kwanza.

Tausi, arudi akaombe vipimo vianze sasa wakati anaendelea na saikolojia. Wakikataa, aombe kuonwa kwingine.

Kalamu_Nyeupe:
Kwa hiyo Bahati naye alidanganya ili apate. Ndipo nauliza, fomu inayomwadhibu msema kweli inataka nini?

KisimaKirefu:
Bado kuhusu kuwaambia wengine hamjanijibu.

Bahati7:
Sina jibu la watu wote. Jumatatu kuna mmoja kazini, mnene kama nilivyokuwa, aliyeniuliza mwezi uliopita. Nitamwambia yeye.

KisimaKirefu:
Nashukuru.

Tausi_wa_Pili:
Nimemsomea mdogo wangu yote, tukafika pale Bahati anapokaa ndani ya gari, akaniambia nisimame, akaichukua simu akasoma mwenyewe. Atarudi hospitali Jumatano na nitakwenda naye. Ana swali moja kwa Bahati. Anasema: ile saa inapofika, na mtu anajua kabisa hana njaa, unafanyaje?

Bahati7:
Mwambie ninaandika. Daftari liko juu ya friji, kalamu imefungwa kwa uzi. Kabla sijafungua mlango naandika saa na kilichotangulia. Jana: "Saa nne usiku. Kaka kapiga simu kuhusu nyumba ya baba. Njaa hakuna." Halafu nikafungua, nikala, kidogo. Nikaandika na hicho. Namba yangu nakutumia pembeni, anipigie usiku wowote.