Waliobatizwa watatu, jina moja, parokia moja: nitamjuaje ninayemtafuta?

mti_na_mizizi:
Wanajamvi, salaam. Hatua za mwanzo zimekwisha: sensa zote za 1841 hadi 1921 nimezipitia, na vyeti vya GRO, ofisi kuu ya usajili ya Uingereza na Wales, ninavyo. Nimekwama kuvuka kwenda nyuma ya 1837, mwaka usajili wa serikali ulipoanza.

Ninayemfuatilia ni William, kibarua. Sensa ya 1841 yuko Manchester, umri 20. Ya 1851 yuko hapohapo, umri 34, kazaliwa Swaffham, Norfolk. Ya 1861 ana 45. Alifunga ndoa Manchester 1839, na cheti kinamtaja baba yake kuwa James, kibarua.

Kwenye vitabu vya ubatizo vya Swaffham kuna William watatu wa jina hilohilo la ukoo: Mei 1814 (James na Ann), Novemba 1816 (James na Mary), na Februari 1818 (Robert na Sarah). Miti ya ukoo ya mtandaoni karibu yote imemchukua wa 1814 na hakuna anayesema kwa nini. Wa Robert nimeshamtoa. Kati ya wawili waliobaki, naamuaje?

karani_wa_robo_mwaka:
Wa Robert umemtoa mapema mno, nitamrudia. Tuanze na umri, maana wengi huchukua mwaka wa sensa, wakatoa umri, wakaishia hapo. Tumia tarehe kamili za usiku wa sensa.

Sensa ya 1851 ilikuwa 30 Machi. Mwenye miaka 34 usiku huo alizaliwa kati ya 31 Machi 1816 na 30 Machi 1817.

Ya 1841 ilikuwa 6 Juni, na hapo ndipo watu huteleza. Makarani waliagizwa kushusha umri wa kila aliyepita miaka 15 hadi kwenye namba inayogawanyika kwa tano iliyo chini yake. Kwa hiyo "20" ni mtu wa miaka 20 hadi 24, aliyezaliwa kati ya 7 Juni 1816 na 6 Juni 1821. Wako makarani waliopuuza agizo hilo. Tazama kurasa tatu nne za karani huyohuyo. Ukikuta 23, 37, 41, basi huyo hakuwa akishusha na "20" yake inabaki 20.

Ya 1861 ilikuwa 7 Aprili. Umri wa 45 unampeleka kati ya Aprili 1815 na Aprili 1816, ambayo inakutana na ya 1851 kwa siku chache tu, na ya 1841 haikutani nayo kabisa. Si ajabu: anayemjibu karani huenda ni mke, au mpangishaji tu.

Sasa wapange. Wa 1814 angekuwa na 27 mwaka 1841, angeandikwa 25, na 1851 angekuwa na 36 hivi. Sensa mbili zinamkataa. Wa 1816 anaingia kwenye 1841 na 1851, anakosea mwaka mmoja 1861. Wa 1818 anaingia 1841, anakosea mmoja 1851 na miwili 1861. Wa 1816 anaongoza, lakini kumbuka tarehe uliyonayo ni ya ubatizo. Wazazi wengine walisubiri hata miaka, wakabatiza watoto watatu siku moja. Akibainika wa 1818 alibatizwa akiwa na umri wa mwaka na nusu, hesabu yote inageuka. Soma ukurasa mzima uone kama ndugu zake wamo siku hiyo, na kama mchungaji aliandika tarehe ya kuzaliwa pembeni.

Umri haumalizi kesi. Kinachoimaliza ni kuwafuata wote watatu hadi kaburini. Pitia maziko ya Swaffham na parokia zinazoizunguka, 1814 hadi 1841. Fomu ya maziko iliyoanza 1 Januari 1813 ina jina, makazi, tarehe, umri na aliyezika, basi. Haina nafasi ya wazazi. Ukikuta "William, miezi 8" mwaka 1817, rudisha miezi hiyo nyuma uone inaangukia kwa nani, kisha linganisha makazi. Halafu tafuta William yeyote wa jina hilo aliyebaki Norfolk kwenye sensa ya 1851. Kama wa James na Ann yuko Swaffham ana miaka 36, ana mke na watoto, huyo si wako, na miti yote ya mtandaoni imeanguka.

Sasa Robert. Jina la baba kwenye cheti cha ndoa ni maneno ya bwana harusi; hakuna aliyeyakagua. Anaweza kuwa baba wa kambo, au babu kama mtoto alizaliwa nje ya ndoa. Tazama kama Robert alizikwa baada ya 1818 na Sarah mjane akaolewa na James fulani. Ukikosa, mtoe kwa amani.

boksi_la_parokia:
Naunga mkono, ila na mimi nina la kuongeza: ulisoma kitabu chenyewe au faharasa? Faharasa nyingi zinaacha makazi na kazi ya baba, wakati fomu ya ubatizo ya 1813 inavyo vyote viwili. James "kibarua" na James "fundi viatu" ni watu wawili hadi ithibitishwe vinginevyo. Tena kuna nakala ambazo parokia zilimpelekea askofu kila mwaka. Zikisomwa sambamba na kitabu, mara moja moja zina jina au kazi isiyokuwemo upande wa pili. Vitabu vya madhehebu yaliyo nje ya kanisa la Anglikana vilivyokusanywa baada ya 1837 viko Kew, kwenye hifadhi ya taifa, mfululizo wa RG 4. Anaweza kuwepo William wa nne huko.

Cheti cha ndoa cha GRO ni nakala. Mchungaji alinakili kitabu chake na kupeleka kila robo mwaka. Omba picha ya kitabu cha kanisa, chenye saini na alama za X za mikono yao. Kisha wageukie mashahidi wawili. Shahidi mwenye jina la ukoo la bwana harusi huenda ni ndugu yake, na huyo ndugu anaweza kuwa na jina adimu kuliko William. Tafuta ubatizo wake badala ya kuhangaika na William.

Jambo ambalo naona limerukwa ni njia aliyopita. Kibarua wa Norfolk kufika Manchester kabla ya 1839 si safari ya kawaida. Wengi wa eneo lile waliishia Norwich au London. Ila kati ya 1835 na 1837 tume ya Sheria ya Maskini iliwasafirisha watu wa mikoa ya mashamba kwenda kwenye viwanda vya nguo vya kaskazini, na ilikuwa na mawakala Manchester na Leeds. Waliotakiwa hasa ni familia zenye watoto wengi wa kufanya kazi. Ikiwa ndivyo alivyofika, basi hakufika peke yake: James mwenyewe na mkewe wanaweza kuwa Lancashire kwenye sensa ya 1841, mitaa miwili kutoka kwa mtoto wao. Kama mke anaitwa Mary, umepiga hatua kubwa. Barua za tume na kila umoja wa parokia, yaani parokia zilizounganishwa kusimamia msaada wa maskini, ziko Kew, mfululizo wa MH 12, zimepangwa kwa jina la umoja. Chukua za Swaffham za miaka hiyo. Ni kazi ya macho, karatasi baada ya karatasi.

Usisahau amri za kurudishwa maskini kwenye parokia zao. Aliyeomba msaada nje ya parokia yake ya haki, ile iliyowajibika kumsaidia, alihojiwa mbele ya mahakimu: alizaliwa wapi, alifanya kazi kwa nani mwaka mzima, alipanga nyumba ya pauni ngapi. Amri iliandikwa nakala mbili, kwa hiyo ikikosekana Manchester iulizie Norwich, kwenye hifadhi ya mkoa wa Norfolk.

mti_na_mizizi:
Shukrani wakuu. Mambo mawili madogo. Mtoto wao wa kwanza ana mwaka mmoja kwenye sensa ya 1841 lakini kwenye faharasa ya GRO hayupo. Na mjukuu wa William alipanda meli kuja Mombasa miaka ya 1920, nianzie wapi?

karani_wa_robo_mwaka:
Mtoto: robo mwaka kwenye faharasa ni ya siku ya kuandikishwa. Wazazi walikuwa na siku 42, hivyo wa Desemba anaweza kuwa kwenye robo ya Machi. Tafuta pia bila jina la kwanza, maana aliyeandikishwa kabla ya kupewa jina anaonekana kama mvulana au msichana tu. Faharasa ya GRO yenyewe ina jina la ukoo la mama tangu 1837, wakati ile ya zamani inayosambaa mitandaoni inalo kuanzia Septemba 1911 tu. Tafuta kwa jina la mama, ukibadilisha herufi. Nafasi ya mama ikiwa tupu, mara nyingi mtoto alizaliwa nje ya ndoa na yuko chini ya ukoo wa mama. Usipompata kabisa, huenda hakuandikishwa: kabla ya 1875 mzigo wa kufuatilia ulikuwa wa msajili zaidi kuliko wazazi. Ubatizo utakufaa. Ukimpata, nunua picha ya dijitali. Bei yake ni kama robo ya cheti kamili na maandishi ni yaleyale.

Mjukuu: orodha za abiria waliotoka Uingereza ni mfululizo wa BT 27 wa hifadhi ya taifa, 1890 hadi 1960. Hazitaji wazazi wala mahali pa kuzaliwa, ila za miaka ya 1920 zinaonyesha umri, kazi na anwani ya mwisho Uingereza. Anwani hiyo ilinganishe na sensa ya 19 Juni 1921. Safari za kurudi likizo ziko BT 26. Kama alifia Kenya, soma matangazo ya mirathi kwenye gazeti rasmi la serikali, kisha kalenda ya wosia ya Uingereza, yaani orodha ya mirathi ya kila mwaka, kwa sababu aliyeacha mali kule huandikwa hata kama amezikwa Nakuru.