Kikundi cha "Harusi Lusaka": tiketi za treni

Salma: Shikamooni wakubwa. Vijana mambo. Tiketi bado hazijakatwa, kwa hiyo naomba leo tufunge mjadala. Tunaokwenda ni wanane, Zuhura wa tisa. Shangazi Mariamu yumo humu anasoma, tukizungukazunguka atatucheka.

Jumanne: Mimi bado nasema basi.

Shangazi Rehema: Basi na miguu ya mama ile? Ukimkalisha usiku kucha inavimba mpaka viatu haviingii. Kwenye treni atajinyoosha.

Jumanne: Basi yaishe, nimenyamaza.

Idi: Kwa hiyo tunapanda SGR? 😁

Salma: SGR inakwenda Dodoma wewe. Hii ni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, nyingine kabisa, hata upana haufanani. Hii ni milimita 1,067, SGR ni 1,435. Na siku ya safari mtu asije akaenda kutusubiri stesheni ya mjini. Yetu ni ile ya Barabara ya Nyerere, pale kwenye flaiova ya Mfugale.

Ba'mkubwa Hamisi: Marahaba. Mimi naona tufike Ijumaa, Jumamosi harusi, Jumapili tupumzike. Kwa nini tukakae wiki nzima kwenye nyumba ya watu?

Salma: Ba'mkubwa, hapo ndipo naomba tuelewane. Ratiba inasema tunalala njiani mara mbili, na ni kilomita 1,860 mpaka New Kapiri Mposhi. Lakini reli yenyewe ni ya njia moja. Treni ya mizigo ikiharibika mbele yenu, mnakaa nyuma yake mpaka itolewe, uwe na harusi usiwe nayo. Tupande ya wiki inayotangulia. Ikichelewa hata siku nzima, bado tutafika na kufua.

Mariamu Lusaka: Nyumba ya watu ndiyo nini kaka? Ni ya mdogo wako hii. Njooni mapema, nina mchele wa kuchambua na sina mikono.

Ba'mkubwa Hamisi: Haya. Mwenye mji ameshasema.

Idi: Kwani treni haifiki Lusaka kabisa?

Jumanne: Idi umeyaanzisha 🙆🏾‍♂️

Ba'mkubwa Hamisi: Swali zuri. Haifiki kwa sababu haikujengwa kwa ajili ya Lusaka. Ilijengwa kwa ajili ya shaba. Mwalimu na Kaunda walitaka shaba ya Zambia ipate bandari bila kupita Rhodesia ya Smith, Zimbabwe ya leo, wala kwenye bandari za Mreno, Angola na Msumbiji. Wazungu wakasema reli hiyo haitalipa. China ikatoa mkopo usio na riba, kazi ikaanza 1970, ikaisha 1975, mwaka uliofuata reli ikakabidhiwa kwa serikali mbili. Ikapewa jina Reli ya Uhuru. Sasa machimbo yako mkoa wa Copperbelt, kaskazini ya Lusaka, kwa hiyo ilitosha kuikuta reli ya zamani ya Zambia pale Kapiri. Ukishuka hapo, Lusaka unaitafuta kwa barabara.

Idi: Asante Ba'mkubwa. Nilidhani utaniambia hela ziliisha.

Mariamu Lusaka: Hiyo barabara ni kama kilomita 200. Msihangaike na mabasi ya pale nje, nitakuja na kosta. Ila nipigieni mkiwa Mpika, nisije nikalala Kapiri bure.

Mama Zuhura: Tuje kwenye vitanda jamani. Mimi na Jumanne tutalala pamoja au ndiyo mambo ya wanawake huku wanaume kule?

Salma: Ndilo linalonikosesha usingizi hilo. Utaratibu wao, vyumba vya kulala vinatenganisha wanaume na wanawake, hata mke na mume. Isipokuwa mkikinunua chumba chote, hapo mnachanganyika mnavyotaka. Daraja la kwanza chumba ni vitanda vinne. Sisi wanane, vyumba viwili, hatubakizi kitanda wala hatuingiliwi na mtu. Chumba kimoja Bibi, Shangazi, mimi na Idi. Kingine Ba'mkubwa, Ma'mkubwa, Jumanne na mkewe. Zuhura analala na mama yake, nauli yake nitauliza dirishani.

Jumanne: Yaani mimi na wakwe chumba kimoja siku mbili 😭

Ma'mkubwa: Wakwe wa nani? Mimi ni mama yako mkubwa. Mkwe ni wa mkeo, na yeye hajalalamika.

Mama Zuhura: Sijasema neno mimi 😂

Ba'mkubwa Hamisi: Daraja la pili je? Si rahisi zaidi?

Salma: Ni rahisi, lakini chumba ni vitanda sita, vitatu vitatu kila upande. Wanane hatuenei. Sita wanakaa chumba kimoja, wawili wanakwenda kwa wageni. Halafu kuna kile kitanda cha katikati. Mchana lazima kikunjwe ndipo watu wa chini wakae. Wa katikati akitaka kulala saa nane mchana, Bibi chini yake hawezi kuinua shingo. Tofauti ya nauli mimi niko tayari kuchangia ya Bibi.

Ba'mkubwa Hamisi: Ya mama nitalipa mimi. Kata la kwanza.

Shangazi Rehema: 🎤 Ujumbe wa sauti

Shangazi Rehema: Huyo ni Bibi, kwa wasioweza kusikiliza. Anasema kitanda chake kiwe cha chini, dirishani, na anakuja na kuku wawili wa Mariamu.

Salma: Bibi shikamoo. Kitanda cha chini umepata. Kuku hai hapana Bibi wangu, mpakani mifugo inataka vibali vya daktari wa mifugo, watatushusha naye. Wachinjwe, waliwe njiani.

Mariamu Lusaka: Mama, kuku huku wapo tele. Niletee khanga.

Shangazi Rehema: Amenuna. Amesema basi atabeba dawa zake zote.

Mariamu Lusaka: Enhe, dawa! Msikilize hili vizuri. Zambia wakali sana kwa dawa ambazo kwetu mtu ananunua tu dukani. Zile za kikohozi na mafua, geuzeni chupa msome. Mkiona imeandikwa diphenhydramine, iacheni nyumbani. Watu wamekamatwa kwa hiyo. Za presha za mama zibaki kwenye pakiti zake, pamoja na karatasi ya daktari. Msimwage vidonge kwenye kopo moja.

Shangazi Rehema: Hivyo ndivyo anavyofanya! Kopo la Blue Band.

Salma: Shangazi, hilo kopo nakukabidhi wewe.

Karatasi sasa. Pasipoti kila mtu na yake, na Zuhura yake, na zibakize angalau miezi sita. Viza hatuhitaji, tutagongewa muhuri tu. Kadi ya homa ya manjano kila mtu awe nayo mkononi. Wasiochanja wachanje mapema, kadi huanza kutumika siku 10 baada ya sindano. Ukishachanja umemaliza, haichakai. Bibi tusimkimbize kwenye sindano, kwa umri wake aonane na daktari kwanza. Asiposhauriwa kuchanja, ataandikiwa barua ya msamaha.

Idi wewe una miaka 16 na wazazi hawapo safarini. Nataka barua ya ridhaa ya baba na mama, iliyopigwa muhuri wa wakili, na cheti cha kuzaliwa.

Idi: Mbona mimi tu?

Salma: Kwa sababu Zuhura ana wazazi wake kwenye treni.

Ma'mkubwa: Mpakani tunashuka na mizigo?

Ba'mkubwa Hamisi: Hatushuki. Uhamiaji wanapanda wenyewe, wa kwetu Tunduma, wa kwao Nakonde, wanapita chumba kwa chumba. Hata ikiwa usiku wa manane utaamshwa.

Salma: Na wabadilisha fedha nao hupanda hapo hapo, wamekamata mabunda. Kwa hiyo pasipoti humpi mtu mpaka umeona sare na kitambulisho. Fedha badilisheni kidogo tu ya kununulia maji na ndizi. Bei ya kwacha ya siku hiyo nitaiandika humu kabla mtandao haujakatika. Mhesabu noti wenyewe, mbele yake, kabla hamjatoa za kwenu. Yule jamaa akianza kuhesabu harakaharaka na kukunja noti katikati, mwambie asante.

Jumanne: Hiyo kazi nipeni mimi.

Mama Zuhura: Asipewe.

Mariamu Lusaka: Mkivuka rudisheni saa nyuma kwa saa moja. Kwenye kadi ya harusi wameandika 10:00. Hiyo ni saa nne asubuhi ya huku, kwa saa ya Dar ni saa tano.

Mama Zuhura: Baridi vipi? Zuhura kifua chake hakitaki mchezo.

Ba'mkubwa Hamisi: Kuanzia Makambako vaeni. Uyole pale Mbeya reli imepanda karibu mita 1,800. Usiku wa mwezi wa saba dirisha halifunguliki kwa hiari. Ila mchana kati ya Mlimba na Makambako msilale. Mahandaki na madaraja, unatoka gizani unajikuta juu ya bonde, chini hukuoni vizuri.

Shangazi Rehema: Na wanyama? Bibi anauliza.

Ba'mkubwa Hamisi: Tukiondoka Dar mchana, tutakata hifadhi ya Nyerere jioni. Twiga ataweza kumuona bila kunyanyuka kitandani.

Shangazi Rehema: Amefurahi. Kuku kawasahau.

Salma: Behewa la chakula lipo, lakini bebeni maji na vitafunwa vyenu, na karatasi za chooni. Kesho asubuhi napita stesheni kuuliza treni ya wiki ile inaondoka siku gani, maana ratiba hubadilika, sitaki kuitegemea ya kwenye simu. Nikishawekewa vyumba viwili naandika jumla humu. Tumeni kwenye namba yangu kabla ya saa sita, wasije wakavigawa.

Ba'mkubwa Hamisi: Yangu, ya mama yako mkubwa na ya Bibi nimeshatuma ya kuanzia.

Salma: Imefika Ba'mkubwa, asante. Jumanne?

Jumanne: Mtandao unasumbua.

Mama Zuhura: Haumsumbui. Nimetuma mimi, watu wawili na kitu kidogo cha Zuhura.

Salma: Imeingia 🙏🏾 Bado Shangazi na barua ya Idi.